Mwongozo Ukishaingia Grupuni

Milimita tatu zinatosha kuharibu mzinga. Nyuki wa Afrika Mashariki ni wadogo kuliko wenzao wa Ulaya na hujenga masega yaliyokaribiana zaidi. Ndiyo maana pau za juu za mzinga wa kisasa huku kwetu hukatwa upana wa milimita 32, wakati za Ulaya huwa kama 35. Seremala wa Tabora akifuata video ya mfugaji wa Ulaya iliyomfikia kwenye simu, atatengeneza mzinga unaopendeza macho. Nyuki wakiingia, watajenga masega kwa kukatiza pau, na siku ya kurina mfugaji hatainua pau moja bila kubomoa mbili nyingine. Video haikudanganya. Ilieleza mambo ya kwao, ila haikutaja kwao ni wapi.

Hapo ndipo linapoanzia tatizo linalowakabili waandishi wa kitaalamu katika zama za mitandao ya kijamii. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kumweleza mwingine namna ya kufanya jambo: mtafiti anayegeuza matokeo ya majaribio kuwa kipeperushi, afisa ugani anayeandaa kalenda ya kilimo, mkufunzi anayeandika mwongozo wa mafunzo kwa vitendo, mtaalamu wa kampuni anayetunga maneno ya lebo. Wengi wao hawajajiita waandishi hata siku moja. Tabora inao wa kutosha, kwa kuwa ndipo palipo kituo cha utafiti cha TARI Tumbi, Taasisi ya Utafiti wa Tumbaku (TORITA), chuo cha kilimo cha MATI Tumbi na Chuo cha Nyuki, mbali na maafisa ugani wa halmashauri zote za mkoa.

Wasomaji wao hawakungoja kualikwa. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa una watu 3,391,679, wa tatu kwa wingi wa watu nchini baada ya Dar es Salaam na Mwanza. Mwishoni mwa 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilihesabu zaidi ya laini milioni 35 za intaneti nchi nzima. Laini si mtu, maana mmoja anaweza kuwa na mbili au tatu, lakini mwelekeo unaonekana: mazungumzo ya mbegu, mbolea, bei na magonjwa ya mazao yamehamia kwenye magrupu ya WhatsApp, kurasa za Facebook na YouTube, na mtaalamu asipokuwemo yanaendelea bila yeye.

Itetemia, kata iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili kwa sababu habari zimepita hapo kwa muda mrefu. Ni makao ya watemi wa Unyanyembe, eneo la Tabora. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika Unyanyembe, mingine ikishika njia ya Ujiji, mingine ya Karagwe na Buganda. Barua nazo zilisafiri na misafara. Mwandishi wa habari Stanley alipofika mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za kupelekewa mmisionari Livingstone umekwama Unyanyembe, umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Alipoufikisha Ujiji mwaka mzima ulikuwa umepita.

Barua zile zilichelewa mno, lakini mpokeaji alijua ziliandikwa lini, na nani, na zilitoka wapi. Ujumbe wa WhatsApp unafika kwa sekunde, na mara nyingi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Sehemu kubwa ya ufundi ambao mwandishi wa kitaalamu analazimika kujifunza sasa imo katika tofauti hiyo.

Kwenye karatasi, ufundi huu ulibebwa na chapa yenyewe. Mambo Leo, jarida la serikali lililoanza Januari 1923, lilichanganya habari, mashairi na mafunzo ya kilimo na afya. Tangu 1950 Kanisa Katoliki lilichapa gazeti la Kiongozi mjini Tabora, na jina la Tanganyika Mission Press, ambayo wengi wanaifahamu kwa Kipalapala, liliwekwa kwenye vitabu vilivyosomwa nchi nzima. Gazeti la Ukulima wa Kisasa la wizara ya kilimo lilifuata katika miaka ya 1950, na tangu 2011 wakulima wa kilimo hai wamekuwa wakipata jarida la Mkulima Mbunifu. Kila toleo lilikuwa na jalada, namba, mwezi na anwani ya mhariri. Mwandishi hakuhitaji kurudia mambo hayo ndani ya kila aya kwa kuwa karatasi ilikuwa imeshayasema.

Kuna jaribio moja la zamani linalofaa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu limekaribia sana mambo ya leo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kilikuwa na kijitabu. Walisikiliza kipindi, wakasoma sura inayohusika, wakaulizana inavyohusu kijiji chao, kisha wakaamua la kufanya, iwe kuchimba vyoo au kufukia madimbwi. Redio peke yake ingesikika na kusahaulika. Kijitabu peke yake kingebaki juu ya kabati. Kazi ilifanywa na muungano wa sauti, maandishi, kikundi na mtu wa kuulizwa.

Grupu la WhatsApp lina vyote vinne, ila vimepangwa hovyo, na mambo matatu hupotea njiani.

Kwanza, mahali hupotea. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa misimu kwa kutenganisha maeneo yenye mvua za vuli na masika na yale yenye msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili. Tabora iko katika kundi la pili, pamoja na Kigoma, Katavi, Rukwa na mikoa mingine. Ujumbe wa Machi usemao “masika yameanza, pandeni sasa” una maana kwa mkulima wa Moshi. Ukisambazwa hadi Itetemia, unamkuta mkulima ambaye mahindi yake yanaelekea kukomaa. Kinachohitajika ni maneno machache tu, ya mkoa na msimu, yaandikwe mstari wa kwanza, kwa kuwa mstari wa mwisho ndio hukatwa mtu anaponakili.

Pili, tarehe hupotea. WhatsApp huonyesha saa ambayo ujumbe ulikufikia wewe na haionyeshi siku ulipotungwa. Tangazo la mbolea ya ruzuku la mwaka juzi linaweza kuamka leo asubuhi likiwa jipya kabisa. Tatu, mwenyewe hupotea. Ujumbe ukishapita mikononi mwa watu watatu, anayeusoma hawezi kujua kama ulitoka kwa mtafiti, kwa muuza dawa, au kwa mtu aliyesikia kilabuni.

Mfano mmoja wa kutunga, lakini wa aina inayojulikana kwa kila aliyemo katika grupu la wakulima, unaonyesha ukubwa wa tatizo: “Wakulima wote, dawa ya viwavi imepatikana. Weka vifuniko viwili kwenye bomba, piga asubuhi. Tuma kwa wengine.” Vifuniko vya chupa ipi? Bomba la mgongoni la lita 16 au la 20? Viwavi gani, kwenye zao gani, lenye umri gani? Na je, dawa hiyo imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA)? Lebo ya chupa hujibu karibu yote haya, pamoja na ukanda wa rangi unaoonyesha kiwango cha sumu. Ujumbe umeiruka lebo na kumfikisha msomaji moja kwa moja kwenye kifuniko.

Mtaalamu anayejua kuandika kwa ajili ya mtandao angelikata somo lilelile vipande, na kila kipande kingejitegemea: “VIWAVIJESHI VAMIZI, 1 kati ya 3: KUKAGUA SHAMBA. Kwa wakulima wa mahindi, Manispaa ya Tabora na Uyui, mwezi Desemba. Tembea zigizaga, simama sehemu 5, kagua mimea 10 kila sehemu. Hesabu mimea yenye majani yaliyotobolewa na kinyesi kama unga wa msumeno kwenye moyo wa mhindi. Mpelekee afisa ugani wa kata idadi uliyopata kati ya 50 kabla hujanunua dawa. Ujumbe huu ni wa kutumika hadi mwisho wa Februari.” Chini yake inafuata namba ya ofisi, ili uhamisho wa mtumishi usiuache ujumbe bila mwenyewe.

Ujumbe wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza. Inafaa kulitaja hilo, maana ushauri unaotolewa mara nyingi kwenye semina ni “andika kwa ufupi.” Ufupi unasaidia pale tu unapoondoa maneno ya kujipamba na salamu za itifaki. Ukiondoa kipimo, zao na msimu, kilichobaki ni uvumi wenye nembo ya ofisi.

Picha nazo zina kanuni zake. Kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuingia Tanzania 2017, hutambulika kwa alama ya Y iliyogeuzwa kwenye kichwa na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ili isile bando. Picha iliyopigwa kwa mbali ikipunguzwa hivyo, Y haionekani, na mtaalamu aliyeko Tumbi anabaki kukisia. Mwandishi mzoefu humfundisha msomaji wake kupiga picha tatu, yaani shamba zima, mmea mmoja, na mdudu kwa karibu akiwa kando ya kitu kinachojulikana ukubwa, kisha kuituma ile ya mwisho kama faili badala ya picha ya kawaida.

Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, imekwenda mbele zaidi. Inatumia Kiswahili, inafanya kazi hata bila intaneti, na hutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye mihogo pamoja na uharibifu wa viwavijeshi. Lakini nayo inahitaji mtu wa kuandika maneno yanayofuata baada ya jibu: ng’oa mmea upi, uufanyeje, na mbegu safi utapata wapi.

Ujumbe wa sauti umependwa kuliko maandishi, na si ajabu. Mzee wa Uyui asiye na miwani humsikiliza mtaalamu huku akiendelea na kazi, na mtaalamu anaweza kusema Kinyamwezi au Kisukuma, jambo ambalo vipeperushi vichache vimelifanya. Ubaya wa sauti ni kwamba haipitiwi kwa jicho. Anayetaka kipimo cha mbolea kilichotajwa katikati ya dakika ya nne hana budi kusikiliza zote nne, au akisie. Kwa hiyo walioizoea kazi hii huweka maelezo kwenye sauti, na namba zote kwenye maandishi yanayofuata papo hapo.

Grupu lenyewe lina mipaka inayopaswa kujulikana. Liliwahi kuchukua watu 256, likafika 512 na sasa 1,024. Katika umati huo somo la kukausha tumbaku hugongana na salamu za asubuhi, michango ya misiba, bei za mpunga na tangazo la pikipiki inayouzwa. Wasimamizi wengine hukata mzizi wa fitina kwa kuwafungia watu wote wasiandike. Kelele huisha, na faida kubwa ya chombo huisha nayo, kwa sababu swali la mkulima ndilo jambo ambalo kipeperushi hakikuwahi kumletea mwandishi. Watu ishirini wakiuliza jambo lilelile siku moja, kasoro iko kwenye mwongozo, na sentensi yenye kasoro inajulikana. Njia ya kati ipo, nayo ni grupu moja la maswali, jingine la maelekezo yaliyohakikiwa tu, na muhtasari wa wiki unaohamisha majibu kutoka la kwanza kwenda la pili.

Wapo waliofaulu kwa vifaa duni zaidi. Mwaka 2012 Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru nchini Kenya, alijulikana duniani kwa kuitumia Twitter kutangaza wizi, mifugo iliyopotea na mikutano, wakati huo ujumbe ukiwa na herufi 140 tu. Wakazi wengi hawakuwa na simu janja, hivyo walizipata jumbe zake kama SMS za kawaida. Alifanikiwa kwa sababu eneo lake lilikuwa na mpaka unaojulikana, msemaji alifahamika kwa sura, na ujumbe ulimwambia mtu la kufanya usiku uleule. Mtaalamu anayetaka kuandikia Afrika Mashariki yote kutoka mezani kwake Tabora hana hata moja kati ya hayo.

Makosa ni sura ya pekee. Kwenye kitabu, chapa ya pili husahihisha ya kwanza. Kwenye WhatsApp mwandishi ana dakika 15 za kuhariri na siku mbili na ushei za kufuta, lakini nakala zilizokwisha kusambazwa hazimsikilizi tena. Kampuni yenyewe ilipunguza kasi kwa kuweka kikomo cha kusambaza kwa watu au magrupu matano kwa mara moja mwaka 2019, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukabanwa hadi mmoja. Hilo hupunguza mwendo tu. Sahihisho linalofaa hubeba kichwa kilekile cha ujumbe wa awali, husema waziwazi kipimo kipi kilikosewa, na huandikwa ili lenyewe lisambazwe. Kufuta kimyakimya humlinda mwandishi na kumwacha mkulima na dawa iliyozidi.

Sheria pia imeingia kazini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa uchapishaji wa taarifa za uongo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitungwa 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, na mtaalamu anayefungua chaneli ya mafunzo anapaswa kujua anaangukia wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihusu picha ya mkulima akiwa shambani kwake, jina na kijiji vikiwa chini yake, aliyopigwa kwa mafunzo ya watu kumi na ambayo sasa inazunguka nchi nzima.

Kisha kuna suala la kuitegemea njia moja. Mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa na kukaa hivyo siku kadhaa hadi mwanzoni mwa Novemba. Kwa Tabora hizo ni siku za kutazama mvua ya kwanza. Waliokuwa na orodha ya namba kwenye daftari, ubao wa matangazo kwenye ofisi ya chama cha ushirika wa mazao (AMCOS), au dakika tano kwenye Voice of Tabora au CG FM, walikuwa na pa kushika pindi data ilipokatika.

Wako pia wasiofikiwa kabisa. Ripoti za kila mwaka za GSMA, jumuiya ya kampuni za simu duniani, zinaonyesha kuwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara wanatumia intaneti ya simu kwa kiasi kidogo kuliko wanaume. Katika kaya nyingi simu janja ni ya baba na palizi ni ya mama, hivyo mwongozo wa palizi humfikia asiyeshika jembe. Mkulima wa kitochi naye hajakosa njia. Stika ya mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu, ina namba ya kukwangua na kuhakiki kwa simu yoyote, na M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo inapatikana kwa kubonyeza *152*00#. Mwandishi anayepanga kazi yake vizuri huanza na maneno yanayoingia kwenye SMS moja, ndipo aongeze picha na sauti kwa wenye bando.

Gumu zaidi liko maofisini. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala za majarida ya kisayansi. Afisa ugani hupimwa kwa taarifa ya robo mwaka, yenye idadi ya vijiji alivyotembelea. Majibu anayoandika saa tatu usiku, kwa bando alilonunua mwenyewe, hayamo kwenye safu yoyote ya fomu. Hakuna mhariri anayeyapitia, na afisa akihamishiwa Sikonge anaondoka na simu yake, grupu lake na kumbukumbu ya misimu mitatu ya maswali. Semina ya siku mbili kuhusu namna ya kuposti haitibu hilo. Dawa yake ni laini ya ofisi, mtu wa pili wa kuhakiki vipimo kabla havijatumwa, na saa za kujibu zinazohesabiwa kuwa kazi.

Haraka ya kulifanya hili imeongezeka kwa sababu wasomaji wapya wa maandishi hayo ni mashine. Huduma ya Farmer.Chat ya shirika la Digital Green, inayotumika Kenya, humjibu mkulima kwa Kiswahili kwa kuchota kwenye nyaraka na video zilizohakikiwa na wataalamu. Huduma za aina hii zitaongezeka, na kila moja itajua kile tu kilichowekwa mahali inapoweza kukisoma. Kipeperushi kilichofungiwa kabatini hakimo, wala jibu zuri lililozama kwenye grupu chini ya salamu mia mbili. Ofisi zinazoanza sasa kuhifadhi jumbe zao, zikiwa na tarehe, kata na jina la ofisi, pamoja na maswali yaliyozizaa, zitakuwa na kitu cha kuzipa huduma hizo. Zisipofanya hivyo, mkulima wa Itetemia atakayeuliza lini apande karanga atajibiwa kwa msimu wa Nakuru.